Bruno Rossi, mwindaji wa mionzi ya mbinguni: kutoka Asmara hadi galaksi zinazowaka kwa dakika chache

KISANGANI – Kati ya mwisho wa mwaka 1970 na katikati ya mwaka 1973, satelaiti mbili zilipita juu ya Kisangani ao pembeni yake, kila moja mara 15 hivi kwa siku. Hakuna mtu wa hapa aliyezisikia. Zote mbili zilirushwa kutoka jukwaa la chuma la Waitalia lililosimama ndani ya bahari karibu na Malindi, inchini Kenya. Zilizunguka dunia zikifuata mstari wa ikweta: zinatokea upande wa Atlantika, zinakata pori la Kongo, zinaendelea Uganda na Kenya, kisha zinaingia Bahari ya Hindi. Kisangani iko nusu ya digrii tu kaskazini mwa mstari huo, kwa hiyo hazikuwa na namna ya kuikwepa.

Ya kwanza iliitwa Uhuru, kwa sababu ilirushwa tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1970, siku Wakenya walikuwa wanasherehekea miaka saba ya uhuru wao. Ilikuwa inatafuta miale ya X angani. Ya pili, SAS-2, iliondoka tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 1972 ikitafuta miale ya gama, ambayo nguvu yake inapita ile ya miale ya X kwa mbali sana. Kati ya safari hizo mbili, inchi iliyokuwa chini yao ilibadilisha jina na kuitwa Zaire.

Njia ya kazi hiyo ilifunguliwa na Mwitalia mmoja, profesa Bruno Rossi. Alianza kuwinda mionzi ya mbinguni akiwa na miaka 24, akaipeleka vyombo vyake hadi Afrika ya Mashariki, akafukuzwa katika inchi yake, akafanya kazi kwenye bomu la atomiki, na mwishoni akawaonyesha wengine mlango wa elimu mpya ya nyota. Wanafizikia wa dunia nzima wanamjua. Hapa Kongo, inchi ambayo madini yake yaligusa maisha ya mtu huyu bila yeye kufika, jina lake ni geni.

Mtoto wa Venezia

Rossi alizaliwa Venice, Italia, tarehe 13 mwezi wa nne mwaka 1905. Baba yake alikuwa enjinia wa umeme. Mpaka miaka 14 mtoto alifundishwa nyumbani, kisha akaingia shule ya mji, akaendelea kwenye chuo kikuu cha Padova na cha Bologna, ambako alipata shahada yake mwaka 1927. Mwaka uliofuata alipata kazi ya usaidizi kwenye chuo kikuu cha Florence. Maabara ilikuwa juu ya kilima cha Arcetri, pale pale Galileo alipomalizia maisha yake akiwa amefungiwa nyumbani. Mahali pazuri, lakini pesa hazikuwepo.

Mwaka 1929 kijana huyo alisoma ripoti ya Wajerumani wawili, Walther Bothe na Werner Kolhörster. Tangu mwaka 1912, wakati Victor Hess wa Austria alipopanda puto na kipimo chake, watu walijua kwamba kuna mionzi inayotoka juu ya anga. Lakini ni mionzi gani? Wengi walifikiri ni miale ya gama tu yenye nguvu kubwa. Wajerumani hao wawili walionyesha kwamba kinachofika chini ni chembe zenye umeme, tena zenye uwezo wa kupenya ukuta mnene wa dhahabu.

Rossi aliacha yote aliyokuwa akifanya. Ndani ya miezi michache alitengeneza chombo ambacho kinatajwa mpaka leo kwa jina lake: mtambo wa umeme unaotoa jibu pale tu mirija kadhaa ya Geiger inapopigwa kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuuelewa akifikiri walinzi watatu waliosimama kwenye milango mitatu iliyopangwa kwa mstari. Mlinzi mmoja akipiga kelele, inawezekana ni paka. Wote watatu wakipiga kelele kwa mara moja, basi kuna mwizi aliyepita moja kwa moja. Aliutangaza mwaka 1930. Kompyuta zote za leo, na hata simu zinazouzwa kwenye soko kuu la Kisangani, ndani yake zina mamilioni ya vifaa vidogo vinavyofuata wazo hilo hilo: toa jibu ikiwa hiki na kile vyote vimetokea.

Kwa mtambo huo alionyesha jambo ambalo wakubwa wa wakati ule hawakutaka kulipokea: nusu ya chembe zinazofika chini kutoka mbinguni zinaweza kupita ndani ya risasi, yale madini mazito, yenye unene wa metre moja. Mwaka 1931 Enrico Fermi alimpa nafasi ya kuzungumza Roma mbele ya wakubwa wa fizikia. Ndani ya ukumbi alikuwamo Robert Millikan wa Marekani, mwenye tuzo ya Nobel, aliyekuwa anashikilia kwamba mionzi hiyo ni miale ya gama. Rossi, mwenye miaka 26, alibomoa hoja hizo moja kwa moja mbele yake. Millikan hakufurahi. Mwamerika mwingine aliyekuwa pale, Arthur Compton, alirudi nyumbani na hamu ya kuifuata mionzi hiyo, na miaka nane baadaye ndiye aliyemfungulia Rossi mlango.

Asmara, mwaka 1933

Dunia ni sumaku kubwa. Rossi alihesabu kwamba, kama mionzi ya mbinguni ni chembe zenye umeme, sumaku ya dunia itazipindisha, na hivyo hazitafika kwa wingi sawa kutoka mashariki na magharibi. Zikiwa na umeme chanya, nyingi zitatokea magharibi. Zikiwa na umeme hasi, nyingi zitatokea mashariki. Alijaribu kupima Florence, hakuona kitu. Italia iko kaskazini mno. Jambo hilo linaonekana vizuri karibu na ikweta, na juu ya mlima ni vizuri zaidi.

Ndiyo sababu mwaka 1933, akiwa tayari profesa wa Padova, alifunga safari kwenda Eritrea pamoja na mwenzake Sergio De Benedetti. Eritrea ilikuwa koloni la Italia. Asmara, mji wake mkuu, uko juu ya metre 2.300. Walielekeza mirija yao magharibi, kisha mashariki, wakahesabu, wakageuza tena. Jibu lilikuwa wazi: zilizotoka magharibi zilikuwa nyingi zaidi. Mionzi ya mbinguni, kwa sehemu kubwa, ni chembe zenye umeme chanya. Leo inajulikana kwamba nyingi ni protoni.

Habari mbaya ni kwamba alikuwa amechelewa. Kabla hajatangaza, Waamerika waliokuwa wamepima mjini Mexico walikwisha kuchapisha jibu lile lile. Wazo lilikuwa lake, lilitangazwa miaka mitatu mbele, lakini sifa ya kuliona kwanza ilikwenda kwa wengine.

Asmara ilimpa kitu kingine, ambacho pia kilimponyoka. Mara kwa mara mirija iliyowekwa mbali moja na nyingine ilipigwa pamoja, kama mvua ya chembe imemwagika kwa mara moja juu ya eneo kubwa. Aliandika jambo hilo mwaka 1934, bila kupata nafasi ya kulifuatilia. Mwaka 1938 Mfaransa Pierre Auger alilichunguza kwa kina, na leo mvua hizo zinabeba jina la Auger. Ni muhimu kukumbuka mvua hizo, kwa sababu ndizo zinazotumika leo kutambua miale ya gama ya galaksi za mbali.

Tena, miaka miwili tu nyuma ya vipimo hivyo, Eritrea hiyo hiyo ikawa mlango ambao jeshi la Mussolini lilipitia kuivamia Ethiopia.

Kufukuzwa

Mwezi wa nne mwaka 1938 Rossi alimuoa Nora Lombroso, binti wa profesa wa Palermo. Alikuwa amemaliza kujenga taasisi mpya ya fizikia ya Padova, ambayo alisimamia ramani yake mwenyewe. Miezi mitano baadaye serkali ya Mussolini ilitangaza sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Rossi alikuwa Myahudi. Kazi, jengo, vyombo, vyote vilikwenda kwa barua moja. Mwezi wa kumi, yeye na mke wake waliondoka Italia.

Niels Bohr aliwapokea Copenhagen, kisha Patrick Blackett akawapokea Manchester, Uingereza. Mwaka 1939 Compton aliwaita Chicago. Muda mfupi nyuma ya kufika, Rossi alipakia vyombo vyake pamoja na mzigo wa risasi ndani ya basi kuukuu na kupanda milima ya Colorado, hadi kilele cha Mount Evans, zaidi ya metre 4.300.

Alichokipima pale kinastahili kuelezwa polepole. Chembe nyingi zinazofika chini ni zile zinazoitwa muoni. Zinapita ndani ya mwili wa kila mtu. Kwenye kiganja cha mkono hupita kama moja kwa kila sekunde. Muoni iliyotulia haiishi hata sekunde moja: maisha yake ni kama sehemu 2 za milioni za sekunde. Hata ikikimbia kama mwanga, kwa muda huo haiwezi kwenda zaidi ya metre 700. Lakini inazaliwa kilometre nyingi juu. Inafikaje chini? Mwaka 1941 Rossi na mwanafunzi wake David Hall walionyesha kwamba muoni inayokimbia zaidi inaishi muda mrefu zaidi, kama Einstein alivyosema kwenye nadharia yake ya mwaka 1905: kwa anayetazama kutoka nje, saa ya kitu kinachokimbia inakwenda polepole. Kwa mara ya kwanza jambo hilo lilipimwa kwenye chembe zinazozaliwa na kufa.

Urani ya Shinkolobwe

Italia ilipoingia vitani na Marekani, Rossi aliandikwa kama raia wa inchi adui. Hata hivyo mwaka 1943 aliitwa Los Alamos, kwenye jangwa la New Mexico, mahali pa siri palipotengenezwa bomu la atomiki. Aliongoza kikundi cha vyombo vya kupimia.

Hapa ndipo Kongo inaingia. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière. Mkubwa wake, Edgar Sengier, alikuwa ametuma mwaka 1940 zaidi ya tani 1.000 za mawe hayo New York, zikalala kwenye ghala la Staten Island mpaka wanajeshi wa Marekani walipokuja kuzinunua. Wakongomani waliozichimba hawakuambiwa zinakwenda kufanya nini.

Tarehe 16 mwezi wa saba mwaka 1945, bomu la kwanza lilipojaribiwa, kazi ya Rossi ilikuwa kupima jinsi moto wa atomiki unavyoongezeka ndani ya sehemu ndogo sana za sekunde, mbele chombo chenyewe hakijageuka mvuke. Alifaulu. Wiki tatu baadaye Hiroshima na Nagasaki ziliungua. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1990, hakuficha kwamba dhamiri yake ilibaki na mzigo. Alikubali kwenda kule kwa hofu kwamba Hitler angetangulia. Wajerumani walikwisha kushindwa wakati bomu lilipokuwa tayari.

Kugeukia nyota

Mwaka 1946 Rossi alihamia Massachusetts Institute of Technology, MIT, akaunda kikundi kikubwa cha mionzi ya mbinguni. Mwenzake John Linsley alipanga vipimo jangwani New Mexico, na mwaka 1962 akakamata chembe moja yenye nguvu ambayo hakuna mashine ya binadamu inayoweza kuitoa hata leo. Swali likawa: ni kitu gani huko mbali chenye uwezo wa kusukuma chembe kiasi hicho?

Chembe zenyewe hazisemi zimetoka wapi, juu ya sumaku za angani zinazozipindisha njiani. Mwanga haupindishwi hivyo. Kwa hiyo miale ya X na ya gama ingeweza kutaja mji wa kuzaliwa. Tatizo ni kwamba hewa ya dunia inaizuia, lazima kutoka nje. Watu wawili wa kikundi cha MIT, William Kraushaar na George Clark, waliweka chombo ndani ya satelaiti Explorer 11, iliyorushwa mwezi wa nne mwaka 1961. Mavuno yalikuwa chembe 22 tu za miale ya gama. Elimu ya nyota kwa miale ya gama ilianza na hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi angeimaliza kwa vidole vya mikono na miguu akiongeza viwili.

Upande wa miale ya X, Rossi alikuwa mshauri wa kampuni ndogo, American Science and Engineering. Aliwashauri watazame nje ya jua. Wataalamu walihesabu kwamba nyota za mbali haziwezi kuonekana kwa miale ya X, na NASA ilikataa kutoa pesa. Rossi hakuwa na hoja ya kuwapinga isipokuwa imani kwamba maumbile yana mambo ambayo binadamu hajayafikiria. Kijana Mwitalia, Riccardo Giacconi, alichukua wazo hilo. Pesa zilitoka kwa jeshi la anga, kwa sababu ya kutaka kupima mwezi. Usiku wa tarehe 18 mwezi wa sita mwaka 1962 roketi ilipanda kwa dakika chache tu, na vyombo vikaona kitu kinachong'aa kwa nguvu upande wa kundi la nyota la Nge. Kutoka hapo ikazaliwa Uhuru ya Malindi, iliyohesabu vyanzo 339, ndani yake galaksi kadhaa zenye kitovu kinachofanya fujo.

SAS-2 haikuishi. Umeme wake uliharibika mwezi wa sita mwaka 1973, baada ya miezi saba. Lakini ilionyesha anga ya miale ya gama kwa uwazi ambao haukuwahi kupatikana.

Mwaka 1987 Rossi na Giacconi walikuwa kati ya waliopewa tuzo ya Wolf. Nobel haikumfikia. Bothe aliipata, Blackett aliipata, Giacconi akaipata mwaka 2002. Ni vigumu kusema hiyo ilikuwa haki. Rossi alifariki Cambridge, Massachusetts, tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka 1993, akiwa na miaka 88. Majivu yake yalipelekwa Florence, kwenye makaburi ya San Miniato al Monte, kutazamana na kilima cha Arcetri.

Moto wa dakika tatu

Miaka miwili nyuma ya kifo chake, mwisho wa mwezi wa 12 mwaka 1995, Waamerika walirusha satelaiti ya kupima miale ya X inayobadilika haraka, wakaipa jina lake. Ilikuja wakati wake. Mwezi wa tano mwaka 1996, kioo cha Whipple, Arizona, kilikuwa kinafuata galaksi Markarian 421, iliyo mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri miaka milioni 400 kufika. Kioo hicho hakioni miale ya gama yenyewe. Kinaona mwako wa zile mvua za chembe ambazo Rossi alizigusa Asmara. Siku moja miale ya gama ya galaksi hiyo iliongezeka mara mbili na zaidi kwa saa moja hivi. Siku nyingine, chini ya dakika 15. Mwezi wa tatu mwaka 2001 satelaiti ya Rossi na vioo vya chini viliitazama pamoja kwa siku kadhaa, na miale ya X na ya gama ilionekana ikipanda na kushuka karibu kwa pamoja, kana kwamba chembe zile zile zinatoa zote mbili.

Mshtuko mkubwa ulitokea Afrika. Namibia wakati huo kulikuwa na vioo vinne vinavyoitwa H.E.S.S., kwa heshima ya yule Hess wa puto. Usiku wa tarehe 28 mwezi wa saba mwaka 2006 galaksi PKS 2155-304 iliwaka, ikawa inaongezeka mara mbili kwa dakika tatu hivi.

Kwa nini dakika tatu ni tatizo? Tufikiri msafara mrefu wa mitumbwi kwenye mto Kongo. Wa mbele wakizima taa zao, wa mwisho hawawezi kuzima mbele habari haijawafikia. Anayetazama kutoka kilima ataona taa zikizimika polepole. Zikizimika zote mara moja, msafara ni mfupi. Angani hakuna habari inayopita mbio za mwanga, na kwa dakika tatu mwanga unakwenda kilometre milioni 54 tu. Lakini shimo jeusi linalofikiriwa kuwa katikati ya galaksi hiyo lina uzito wa jua kama bilioni moja, na mwanga ungehitaji karibu masaa matatu kuvuka nusu ya upana wake. Mwako unaonekana mdogo kuliko jiko lililouwasha.

Jibu ambalo wengi wanalikubali linatoka kwenye nadharia ile ile ya Mount Evans. Shimo jeusi linatupa mkondo wa chembe moja kwa moja kuelekea upande wetu, karibu na mbio za mwanga. Muoni ikikimbia, maisha yake yanaonekana kurefuka. Mkondo unaotukimbilia, kinyume chake, unaufuata kwa karibu mwanga wake wenyewe, na mambo ya masaa mengi yanatufikia yamebanwa ndani ya dakika. Lakini kwa PKS 2155-304 mkondo ungehitaji mwendo mkubwa kuliko ule unaoonekana kwenye picha za mikondo ya aina hiyo. Wengine wanasema ni vipande vidogo ndani ya mkondo vinavyorushwa kwa mbio zaidi, wengine wanaweka mwako karibu kabisa na shimo lenyewe. Ubishi haujaisha.

Satelaiti ya Rossi ilizimwa mwezi wa kwanza mwaka 2012. Ilibaki ikizunguka bila kazi miaka sita, kisha tarehe 30 mwezi wa nne mwaka 2018 ikaanguka na kuungua ndani ya hewa ya dunia.